Vidonge Baada ya Ugali

Nesta ananiita mgonjwa wa serikali,
kwa kuwa kila tarehe ya kliniki
napanda lori la zabibu kutoka Hombolo hadi mjini,
nadungwa sindano ya takoni, narudi na vidonge
kwenye bahasha ya kaki.
Yeye anavuta. Anavuta tangu darasa la saba,
nyuma ya josho, na hajawahi kusikia kitu
zaidi ya njaa na kicheko.
Moshi wake ni mpita njia.
Wangu niliukaribisha kama mgeni,
siku ya tatu nikaupa jembe,
ukanilima mimi.

Sisemi bangi ni shetani.
Naijua raha yake: jioni ya palizi, mgongo umekatika,
pafu mbili tu, na zeze la baba mdogo Malogo,
lenye nyuzi mbili,
likawa na nyuzi saba.
Nasema tu kwamba chungu changu kilikuwa na ufa
na moto hauulizi.

Mwaka ule wa mavuno makubwa
mizabibu ilianza kusema.
Mche kwa mche, kwa Kigogo safi,
ikitaja deni la marehemu baba
na mtu atakayekuja kunifunga.
Usiku nikachukua shoka.
Asubuhi dada yangu Matika akahesabu visiki:
arobaini na vitatu.
Hakulia. Alinifunga mikono kwa kanga yake,
si kwa kamba,
na hilo silisahau.

Mganga wa Ikowa alikula mbuzi wawili
akaniachia chale tisa.
Kisha Mirembe.

Dawa nazo, tusidanganyane.
Ulimi unakuwa mzito kama kandambili iliyoloa.
Naamka kana kwamba napandishwa kisimani kwa kamba fupi.
Tumbo limetangulia, suruali zote za zamani
anavaa mtoto wa Matika.
Mikono inatetemeka; nikipogoa, mkato unakwenda upande.
Zeze lina nyuzi mbili.
Basi. Mbili.
Mara mbili niliviacha nikitafuta ya tatu,
na mara mbili Matika akalala mlangoni
na shoka chini ya mkeka wake.

Sasa nameza.
Mizabibu imenyamaza, nami naipogoa vibaya,
nayo inachipua hivyo hivyo, haina kinyongo.

Lori lisipopita, ni Nesta anayenipeleka kliniki
kwa pikipiki yake, bila nauli, akitukana njia nzima.
Usiku huja kukaa nje ya ua, upande usio wa upepo,
na nikitoka huuzima msokoto kwenye soli ya kiatu,
akaubandika nyuma ya sikio.
"Umemeza?"
"Bado. Ugali wenyewe haujaiva."
"Nitangoja."
Anangoja kweli, akipiga miayo, 
mpaka Matika alete kikombe cha bati,
na ananitazama kooni
kama mtu anayehakikisha ndama amenyonya.