Kabla ya Jumamosi

Ukumbi wa Kondele, viti vya plastiki
vimepandana hadi vikaziba dirisha.
Okinda wa mitambo ananinyooshea gitaa
jembamba, lisilo na tundu tumboni.
"Lijaribu. Hili halibweki jukwaani."

Lile langu la mbao huisikia spika,
spika nayo hulisikia, wanajibizana
mpaka nilizibe kinywa kwa leso
mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Napapasa nyuzi. Nailoni.
Vidole vyangu vilifunzwa Luanda
kwa waya wa breki za baiskeli,
vikaota magamba. Sasa vinateleza
kama vimechovya mrenda.

Bila umeme ni bubu.
Nalidonoa, linanong'ona
kama mgonjwa anayeomba maji na kuona haya.
Okinda anachomeka waya
na besi inatoka ukutani, si kifuani kwangu.
Nageuka kutazama ni nani anayepiga.

Andayi anaingia na chupa yake ya soda,
msumari mkononi, ki-ki, ki-ki,
na kidole gumba kinakumbuka
njia ya kwa mama, pale penye daraja bovu,
kinaruka palepale kilipozoea kuruka

stima ikapotea.

Feni ilizunguka kidogo, ikachoka.
Chupa haikujua.
Nikainama, sikio begani pa gitaa,
nikauendeleza ubeti
ambao Andayi hakuusikia, ila aliufuata.

"Vipi?" Okinda, gizani. "Limekufaa?"

Nikamwambia angoje.
Haujaisha.