Kidonge cha Uzi

Mwanamke wa soko la Bałuty aliapa kwa watakatifu watatu:
"Pudeli mtupu, dada, baba pudeli, mama pudeli,"
akanitolea kwenye boksi la buti
kitu cha rangi ya chai ya maziwa, kinatetemeka.
Karatasi? Karatasi zinakuja. Wiki ijayo.
Zloti mia nane, na boksi bure.

Wiki iliyofuata hayupo,
na pale aliposimama wanauza kabichi.

Bwana Walerian wa ghorofa ya tatu
alishuka na miwani miwili na rula ya mjukuu wake.
Akapima kifua hadi mkia, kisha bega hadi sakafu.
"Pudeli ni mraba, Bi Bogna. Huyu ni benchi."
Akainua sikio: limeshuka chini, vyema.
Pua: ndefu, imenyooka, vyema.
Jicho sharti liwe kama lozi. La kulia, ndiyo,
la kushoto limeviringa kama kifungo cha koti.
Kisha akamlaza chali, akaona kifuani
doa jeupe, dogo kuliko ukucha,
akaguna kama mtu aliyekuta kinyesi cha panya kwenye unga.
"Hapa," akasema, "palipita mgeni."

Nikamwambia apande kwake, supu yake inaungua.

Mimi nimesokota sufu miaka ishirini na sita
katika kiwanda ambacho leo ni maduka na sinema.
Sufu safi na sufu ya kuchanganya
hatukuzijua kwa macho. Macho huhongeka,
hasa zamu ya usiku.
Unachomoa uzi mmoja, unauwasha kwa kiberiti.
Iliyo safi hujikunja, hujizimia yenyewe,
hunuka nywele, huacha jivu la kusagika.
Ya kuchanganya huyeyuka,
huacha shanga nyeusi, ngumu, yenye kinyongo.

Basi jana usiku Kłębek amelala
(ndilo jina lake, ni kidonge cha uzi kwa lugha yetu),
nikampekua nyuma ya sikio, mahali ambapo, wanasema,
manyoya hayajajifunza uongo.
Kweli yamejikunja, pete ndani ya pete.
Lakini katikati, nywele tatu, nne,
zimenyooka wima
kama askari wasiojua wako jeshi gani.
Nikaukata mmoja kwa mkasi wa kucha.
Nikatafuta kiberiti.

Mama alikuwa na miaka saba, mwaka wa arobaini na mbili,
walipopangwa foleni ukutani, watoto wa mtaa mzima,
mbele ya mtu wa joho jeupe na koleo la kupimia vichwa.
Alikuwa na kijaluba cha vishungi vya nywele,
vya manjano huku, vyeusi kule, kila kishungi na namba yake.
Akavisogeza kimoja kimoja kando ya sikio la mama,
akaandika kitu kwenye kadi.
Alichoandika mama hakukisema, wala sikumwuliza.
Ila Jumapili akinisuka kwa ajili ya kanisa
alisuka haraka haraka, akakaza,
kama mtu anayefunga mlango.

Kiberiti kikaniunguza kidole.
Unywele ukaangukia kwenye bakuli la sukari, sikuuona tena.
Kłębek akaamka, akapiga chafya, akatembea kwa upande,
akaikojolea rula aliyoisahau Bwana Walerian.

Sisemi kwamba sitaki kujua. Nataka.
Mia nane si maganda ya viazi.
Lakini daktari wa wanyama, yule msichana wa mtaa wa Zgierska,
anasema haya ni manyoya ya kitoto tu,
akitimiza mwaka yatabadilika,
ndipo yaote yale atakayozeeka nayo.

Nina miaka sitini na tisa.
Haya, tungoje.
Sukari nimeitia kwenye chai.