Diski ya Batli

Elirehema alinipangia tatu juu ya kioo cha kaunta,
pale dukani kwake, mtaa wa Rindi:
"Hii ina terabaiti mbili. Hii ina kasi ya radi.
Hii nayo, kaka, sijui kwa nini bado ninayo."

Ya tatu ilikuwa nzito kidogo, lebo imechubuka,
imetolewa kwenye seva ya ofisi iliyohama.
Gigabaiti mia moja tu,
na bei yake inaipita ile ya radi.
Nikaomba bisibisi.

Msimu uliopita tulikuwa na ya radi.
Ghala letu la Kiborloni linapokea kahawa hadi usiku:
mzani unasoma, seva inauliza, "Umeandika?"
na diski inajibu, "Nimeandika,"
upesi, kabla swali halijaisha.
Tuliisifu.
Kumbe ilikuwa imeyashika maneno mdomoni,
haijameza, haijatema,
na saa mbili na dakika kumi na saba umeme ukakatika.

Asubuhi akaja Mama Aikaruwa kutoka Uru,
risiti imekunjwa mara nne ndani ya fundo la kitenge.
Risiti ilisema kilo sitini na mbili.
Seva ilisema hakuwahi kufika.
Hakugomba. Aliuliza tu:
"Kati ya karatasi yenu na mashine yenu, nani amelewa?"

Tukamlipa kwa karatasi.
Wangapi walikuwa wameshaiwashia jiko?

Baba alikuwa karani wa mizani, chama cha msingi,
enzi za penseli ya wino, ile ya kulambwa ncha;
Julai hadi Desemba midomo yake ilikuwa ya zambarau
na sisi wanawe tukiona haya kanisani.
Gunia halikushuka kwenye ndoano kabla ya mstari kuandikwa.
Foleni ilimtukana. Aliandika.
Mvua ikanyesha. Aliandika, daftari chini ya koti.
Nalo lilikuwa jembamba, la siku moja,
jioni linahamishiwa kwenye leja kuu
na kesho linaanza upya.

Ndiyo maana terabaiti mbili hazikunitikisa.
Batli si ghala. Batli ni kizingiti:
inabeba sekunde chache zilizo njiani,
na vitu hupotea njiani.

Nikafungua skrubu nne.
Kando ya chipu, kapasita zimelala safu, za njano,
kama punje zilizosalia kwenye gunzi.
Umeme ukifa, hizi zina pumzi
ya kumalizia sentensi.
Nikafungua na ile ya radi:
mahali pake pamechorwa kwenye bodi, pameandikwa na namba,
hapakutiwa kitu.

"Imeandika kiasi gani maishani?" nikauliza.
Akaichomeka, tukasoma: imekula asilimia kumi na moja ya umri wake.
"Na pacha wake?"
Hana. Pacha nitamtafuta Arusha.
Elirehema akahesabu noti, akanitazama
kama mtu aliyeuza mbuzi mzee kwa bei ya ng'ombe.

Jumamosi, ghala tupu, nikapanda mzanini mwenyewe,
kilo themanini na moja, themanini na moja, themanini na moja,
na katikati ya kuandikwa nikang'oa waya ukutani.
Feni zikashuka sauti kama mtu anayeketi taratibu.
Kompyuta yangu ndogo, inayoishi kwa betri,
ilikuwa imesikia "nimeandika" mara mia na thelathini na nne.
Nikarudisha waya. Nikahesabu mistari, kidole kwenye skrini.
Mia na thelathini na nne.

Niling'oa tena. Mara tisa niling'oa.
Ya kumi sikuhitaji: Kiborloni yote ikazima yenyewe,
mashine ya kusaga ng'ambo ya barabara ikakatwa katikati ya neno,
na mtu huko nje akasema, "Aah, tena!"

Sijui utarudi saa ngapi.
Nimeandika namba ya mwisho kiganjani, kwa kalamu,
nikailamba ncha bila kujua kwa nini,
nasubiri nione kama watakubaliana.