Mchoro wa Tano

Mchoro wa kwanza waliukataa kwa adabu.
Ukuta wa kioo, nilisema, mwanga uingie.
Bi Thuwaiba akachungulia nje: Ibra, Juni, adhuhuri,
njiwa amejibana chini ya tangi la maji.
"Mwanga tunao, mwanangu. Tupatie kivuli."

Wa pili ulikuwa na kuba. Wa tatu nimeusahau.
Wa nne ulifika kwa karani wa falaji,
kijana wa simu mbili na daftari la babu yake:
nguzo yangu ilikanyaga mfereji
palepale linapopita fungu la maji la mayatima.
Hakugomba. Aliomba kifutio,
akaisogeza nguzo upana wa ukucha;
ardhini, nusu mita.

Nyumba hii ya sanaa ilikuwa ghala la tende.
Sakafu ingali na michirizi ya kukusanyia asali yake,
na rangi za watoto zikimwagika
hufuata njia ileile hadi kwenye mtungi.
Nani atabuni kitu bora kuliko hicho?
Nikaacha kubuni. Nikakaa chini na futi ya chuma
nikawapima washona kofia, kumi na watano,
mgongo ukutani, miguu imenyooshwa:
sentimita tisini na mbili, Bi Rahma mia kasoro moja,
goti lake halikunji tangu Ramadhani.
Chumba kikaanzia hapo, kwenye nyayo.

Ukuta wa kaskazini nilitaka kuutoboa.
"Tundu halitobolewi," akasema Bi Thuwaiba,
sindano mdomoni, "tundu hushonwa.
Usipoushika ukingo, kofia nzima inafumuka."
Basi kila pengo la tofali nimelipa ukingo wake,
na Biju, fundi mkuu, ananilaani kwa Kimalayalam
nami namwelewa kabisa.

Bomba la kuoshea mikono. Rafu ya viatu. Mlango wa kiti cha magurudumu.
Hivyo havionekani kwenye picha.

Baladiya wakaleta fomu: jina la jengo, neno moja, Kiarabu.
Tukabishana kwa Kiswahili hadi chai ikapoa.
"Andika upenu," wakasema. "Si ni upenu?"
Lakini pe haimo katika herufi zao.
Nikaandika be, nikaiongezea nukta mbili tumboni,
zikawa tatu, kama matundu ya kofia.

Karani akaikwangua kwa ukucha,
akidhani wino umevuja.