Saa ya Bi Sikujua

Kompyuta hii niliinunua Kariakoo, mtaa wa Aggrey,
kwa fundi Mbwambo, aliyeifuta vumbi kwa mkono wa shati
akasema, "Mzee, lakini moyo upo."
Kumbukumbu gigabaiti mbili. Kitufe cha N kimefutika.
Nikaivua mapambo yote: vivuli vya madirisha,
picha za milima, vile vikatuni vya kukaribisha mgeni.
Nikaiachia ukanda mmoja tu juu ya kioo,
mwembamba kama pindo la leso,
unaoishi ndani ya faili la maandishi matupu.

Usiku wa kwanza nikasahau koma.
Koma moja! Ukanda wote ukatoweka,
na mashine haikusema kosa liko wapi,
ilinitazama tu, kama mtu anayedaiwa.

Nilipoikuta, mstari wa arobaini na moja,
ukanda ukarudi na habari zake:
betri sitini na mbili, joto la ndani sabini na moja,
na hali ya hewa: nyuzi mbili chini ya sifuri, theluji.
Theluji, Tandika, mwezi wa Februari,
nami nimevaa singilendi,
feni ya dari inazungusha joto lilelile.
Mji ule ni wa aliyeandika sampuli, popote alipo.
Nikaufuta. Ajipashe moto mwenyewe.

Nikauambia ukanda: usihesabu kila sekunde,
kuhesabu nako kunakula.
Kila nusu dakika yatosha.
Bando, nionyeshe. Wino wa printa huujui,
basi usibahatishe.

Ikabaki saa.
Ubavuni mwa steshenari yangu Bi Sikujua hukaanga vitumbua,
na karatasi yake ya kliniki ya presha
imeandikwa 08:00 na 20:00.
Kila siku hupenyeza kichwa dirishani:
"Mwanangu, saa ngapi?"
Nami hutazama 19:48, nikatoa, nikageuza,
nikasema, "Saa mbili kasoro dakika kumi na mbili, bibi."
Miezi minane nilikuwa mkalimani
kati ya kioo changu na mtu mzima
aliyesoma kisomo cha jioni mpaka akapewa cheti.

Basi nikaandika: chukua saa, toa sita.
Ikizidi kumi na mbili, toa kumi na mbili tena.
Ikibaki sifuri au pungufu, ongeza kumi na mbili.
Hesabu ya watoto.
Kazi ilikuwa majina.
Jioni inaanzia wapi? Mashine inataka namba.
Nikamwuliza. Akageuza kwanza kitumbua.
"Jioni ni ukishaongeza mkaa wa pili."
Na usiku?
"Wateja wakianza kuwasha simu wahesabu chenji."
Nikaandika kumi na sita. Nikaandika kumi na tisa.
Nikaona haya kidogo,
kama fundi cherehani aliyekata kitambaa
bila kumpima mwenyewe.

Jana umeme ukakatika.
Feni ikapunguza mwendo, printa ikazima
na nusu ya wasifu wa kijana wa watu mdomoni.
Kioo kikabaki, na ukanda wake:
betri 31, joto 58, bando megabaiti 120,
SAA MBILI USIKU.

Nikasikia kandambili zake. Kichwa kikapenya dirishani.
Sikuulizwa kitu.
Alisogeza midomo, herufi kwa herufi,
akafungua fundo la kanga, akatoa kidonge,
akakimeza kwa maji ya chupa yangu.

"Na hiyo thelathini na moja?"
"Betri, bibi. Ndiyo iliyobaki."
Akaitazama kama anayekadiria gunia la mkaa.
"Hiyo yako inasema mapema," akasema.
"Yangu mimi ungeiandika upande gani?"

Akaenda kufunika karai.
Nikabaki na faili wazi gizani,
kishale kinapepesa baada ya koma ya mwisho.