Inchi Nne

Hallbera anasema: usilale chini yake bado.
Jeki ni rafiki, lakini rafiki husahau.
Basi tunaweka stendi nne, tunalisukasuka gari
kama ulimi unaojaribu jino bovu.
Halitikisiki. Haya, ingia.

Saa kumi alasiri, na nje giza limeshakaa.
Januari, kaskazini mwa Aislandi;
kioo cha gereji kimeganda kwa ndani,
redio inazitaja barabara zilizofungwa
kwa sauti ya msoma tanzia.
Ya kwa mama ni ya tatu.

Patroli hili lilikuwa la baba. Springi zimelala
kama watu waliobeba neno moja miaka mingi.
Nati ya kwanza inakataa. Ya pili inakataa.
Ya tatu tunaipiga moto hadi iive,
Hallbera ananing'inia kwenye spana, mwili mzima,
nayo inalia kwiii, inaachia
kama siri: kidogo, kidogo, kisha yote.

Springi mpya zimezidi kwa inchi nne.
Sikujua kwamba inchi nne zina ukoo mkubwa hivi.
Ukiinua gari, mpira wa breki unakuwa mfupi;
ukirefusha mpira, propela inakaa upande;
ukiinyosha propela, usukani nao unanuna.
Kila jamaa anakuja kudai haki yake,
na kila jamaa ana risiti.

Matairi yanafika Ijumaa, inchi thelathini na nane,
meusi, mazito, yananuka duka.
Tunajaribu moja. Linasugua.
Hallbera anavaa miwani, anawasha grinda,
anayakata madigadi
kama fundi cherehani anayefuata chaki.
Cheche zinamwagikia buti zake.
Mimi nimeshika ndoo ya maji, na roho mkononi.

Baba angelia, nasema.
Baba, anasema bila kugeuka,
alikwama mtoni mara tatu
kwa kulionea bati huruma.

Jumapili tunavuka.
Lami inapokwisha tunatoa upepo: ishirini, kumi, tano,
pauni tatu tu,
matairi yanatanuka, yanabweteka,
na tani mbili na ushei za chuma
zinapita juu ya theluji
kama muuguzi wa zamu katika wodi iliyolala.
Spidomita imekuwa mwongo.
Inasema thelathini; nguzo za njia
zinatukimbia kwa zaidi ya hapo.
Mtoni maji yanaparuza chini ya milango, tunayasikia.
Hallbera anapiga mluzi. Hajapiga mluzi tangu mazishi.

Mama yuko mlangoni, koti limefungwa hadi kidevuni,
mkoba mmoja, barua ya hospitali
ndani ya mfuko wa nailoni.
Ni goti. Kesho saa mbili asubuhi, Húsavík,
miezi kumi na mmoja ameingoja siku hii.
Analizunguka gari taratibu. Analigusa tairi
kama mtu anayekagua ng'ombe wa jirani.
Kisha anasimama pembeni mwa mlango wake
na kutazama juu.

Sakafu ya gari iko usawa wa kiuno chake.

Hakuna anayesema kitu.
Hallbera, aliyepima springi, akapima bushi,
akapima pembe ya propela kwa simu mara saba,
anatazama mikono yake yenye grisi.
Hakuupima mguu wa mama.

Mama anageuka, anachechemea hadi zizini.
Tunasikia kitu kikiburutwa.
Anatoka na kigoda cha kukamulia,
kile cha miguu mitatu, cha nyanya yake,
anakikita kwenye theluji, anakanyaga.
"Vuta wewe. Na wewe sukuma. Mimi si gunia."
Tunavuta, tunasukuma, anatukana kidogo,
anaingia.

Nafunga mlango. Injini inanguruma.
Hallbera anatia gia, na hapo
kioo kinagongwa kutoka ndani, mara mbili,
kwa pete.

"Na kushuka, je?"

Narudi kukichukua kigoda.