Vidole Vinne

Baba alipima dunia kwa ufito wa chuma
uliochakaa katikati, pale kiganja kinaposhika.
Miaka thelathini na moja, kutoka Kaunas kwenda kusini,
aliulaza juu ya reli mbili, akainama, akasikiliza
kama daktari anayesubiri mtoto akohoe.
Ukilala sawa, alisema "haya," akaenda zake.

Halafu Mockava.
Pale reli yetu pana inakoma
na ya Wapolandi, nyembamba, inaanza.
Tofauti ni vidole vinne. Weka mkono wako hapa:
cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho. Basi.
Kwa vidole hivyo vinne nimeshushwa usingizini
nikiwa na miaka sita, baridi ikiniuma masikio,
mama akihesabu mizigo kwa sauti:
sanduku, kapu la tufaha, Živilė, sanduku.
Treni mbili zimesimama ubavu kwa ubavu
kama mawifi waliokosana,
na sisi katikati, tunavuka jukwaa.

Sasa mimi ndiye mwenye ramani.
Navaa kizibao cha manjano, nabishana na matope.
Wakubwa wanasema mwakani;
mwakani nao una mwakani wake.
Nilichomeka vigingi katika shamba la viazisukari la Onutė,
naye akaniuliza, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma:
"Itasimama hapa?"
Haitasimama. Itapita kasi.
Akaviangalia viazi vyake.
"Basi mimi," akasema, "nitaboreshewa vumbi."

Hilo sikuliandika kwenye ripoti.
Niliandika: mmiliki ameelezwa.

Jumapili baba aliniletea ule ufito jikoni.
Alikuwa ameuchora kwa tupa alama mpya,
vidole vinne kutoka ncha ya zamani,
alama ya mkwaruzo, ya mkono unaotetemeka.
Nikaupima kwa chombo changu cha miale.
Alikosea kwa unywele.
Nikamwambia, "Sawasawa kabisa."
Akanitazama kitambo. Anajua nikidanganya.

"Treni zenu zikianza," akasema,
"nitakwenda mpaka Warshawa nimeketi,
viatu nimevivua, chai mkononi.
Ila wewe kaa karibu nami.
Tukikaribia Mockava, nishike koti,
maana miguu yangu haisomi magazeti.
Itashuka."